Eda ya Jukwaani

Kila Alhamisi jioni Asiya alipiga pasi kanzu ya mumewe, na mumewe hakuwa amekanyaga nyumbani tangu mwaka wa tisini na tano. Avenyu nzima ya kumi na saba, pale mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ililijua jambo hilo na hakuna aliyethubutu kuuliza kanzu isiyovaliwa inakunjamana saa ngapi. Makaa yanatiwa kwenye pasi, kanzu inanyunyiziwa maji, inanyooshwa kuanzia kola mpaka pindo, inatundikwa kwenye msumari wa mlango wa chumba, tayari kwa Ijumaa. Ijumaa inapita. Alhamisi nyingine ikija, inashushwa, inafuliwa, kazi inaanza upya. Mwenye kuwasha makaa alikuwa binti yake, Houda, na alifanya hivyo tangu kifua chake hakijajaa.

Mume mwenyewe aliitwa Ilyasi, dereva wa lori. Siku aliyoondoka alipakia chumvi na vitenge vilivyovushwa mpakani Gatumba kutoka Kongo, akashika barabara ya Kayanza, wakati ambao watu wenye akili zao walikuwa wanaikwepa barabara hiyo kwa ajili ya vita. Lakini dereva asipoendesha atakula nini? Lori likaja kukutwa pembeni mwa njia limeungua lote, na ndani yake hamna mtu, wala mfupa, wala kiatu. Dereva mwenzake ndiye aliyeleta habari. Alimkuta Asiya kwenye mkeka anachagua maharage, Houda pembeni yake. Asiya akamsikiliza mpaka mwisho, na mikono yake haikusimama, mawe huku, maharage huku. Kisha akasema, "Gari imeungua. Gari si mutu." Akaendelea kuchagua.

Basi ikawa hivyo. Matanga hayakuwekwa wala Fatiha haikusomwa. Jirani yao Mwantum, mama mwenye sauti ya kufika sokoni bila mwenyewe kutoka ndani, alikuja jioni ile na shuka begani, tayari kulala kilioni kama desturi inavyotaka. Asiya akampa chai, akamuuliza habari za watoto, na Mwantum alipofungua mdomo kutoa pole akamkata pale pale. "Pole ya nini, Mama Djibril? Mi sijafiwa." Mwantum akarudi kwake na shuka lake, na pole yake ikamkaa kooni miaka sita.

Shehe naye alikuja, baadaye sana. Akaeleza kwa upole kwamba sheria haikumsahau mke wa mtu aliyepotea. Inafika wakati mume anahesabiwa marehemu, na mke anakaa eda yake, ule muda wa miezi minne na siku kumi ambao mjane anatulia ndani kwa nguo nyeupe, bila mapambo wala manukato, halafu maisha yanaendelea. Asiya alimsikiliza, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote. Aliporudi, uso ulikuwa umebadilika.

"Houda, sikia. Mutu akimwita baba yako marehemu, anamuchuria. Anamwitia kifo na mudomo wake. Na mwenye kumuchuria baba yako, mi naye tumeachana. Hata akiwa we."

Houda alishika maneno hayo kama mtoto anavyoshika moto mara moja tu. Hakumlilia baba yake hata siku moja, na Mungu ndiye shahidi alivyompenda. Ilyasi alikuwa mtu wa vituko. Jioni akirudi safari alikuwa anaigiza barabara nzima kwa mkewe na bintiye. Mara ni askari wa kizuizini anayesoma karatasi juu chini, mara ni mama wa Kongo anayebembeleza kupandishwa lori na mbuzi wake, mara ni mbuzi mwenyewe. Asiya alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Yote hayo yalikatika siku moja, na katika nyumba ile mtu hakuruhusiwa hata kusema kwamba yamekatika.

Sasa, Houda alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa sekondari, darasa la lugha, na mwalimu wao wa Kifaransa aliitwa Ildephonse. Alikuwa anakaa Gihosha, upande wa milimani, na siku ambazo bunduki zililia milimani alichelewa kufika. Akiingia darasani anapangusa vumbi viatuni na kusema, "Mnisamehe, kuna wenzetu walikuwa wanapiga ngoma," halafu anafungua kitabu. Mwaka huo wa elfu mbili na moja alitangaza kwamba mtihani wa mdomo utakuwa teatre. Kila mmoja atapanda jukwaani mbele ya mkurugenzi wa shule na wazazi, na mchezo wataubuni wenyewe.

"Chagueni jambo mnalolijua," akawaambia. "Msiniletee wafalme wa Ufaransa."

Kila mmoja akainamia daftari lake. Walikuwa wamekaa chumba kimoja miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na mtu wake asiyemtaja. Kumtaja mtu huyo ni kufika kwa aliyemuua, na aliyemuua huenda ana ndugu dawati la pili. Ndivyo walivyoishi, wanaazimana kalamu, wanacheka pamoja, na kuna mlango hakuna anayeusukuma. Mwishowe kijana mmoja, Gaël, akainua kidole.

"Matanga, Mwalimu. Hiyo tunaijua sote."

Mwalimu akaandika neno hilo ubaoni, akalitazama kidogo, akasema haya, tuanze.

Ilihitajika mjane. Mwalimu akatandika mkeka mbele ya darasa, kila msichana akae, Gaël amletee habari ya kifo cha mumewe, tuone atafanya nini. Wa kwanza alikuwa Orlane wa mtaa wa Mutanga Nord, msichana mkubwa wa mwili na wa roho, rafiki wa Houda wa kufa na kupona. Orlane alipiga ukelele mmoja, mkuu wa masomo akaja mbio akidhani kuna mtu amepigwa risasi. Wengine walilia kwa zamu, huyu anajitupa chini, huyu anavuta nywele. Mwalimu anatikisa kichwa tu.

Ilipofika zamu ya Houda, aliomba kitu cha kushika. Wakampa vipande vya chaki juu ya jalada la kitabu. Akakaa, akaanza kuvichagua, vidogo huku, vikubwa huku. Gaël akasimama mbele yake, akamgeukia Mwalimu.

"Nimwambie nini huyu?"

"Niambie gari imekutwa imeungua," Houda akasema bila kuinua macho, "na mwenyewe hayumo."

Gaël akasema hivyo hivyo. Vidole vya Houda havikusimama. Akachagua, akachagua, halafu akasema taratibu, "Gari imeungua. Gari si mutu." Na akachukua kipande kingine cha chaki.

Mwalimu Ildephonse alivua miwani yake, akaifuta na ncha ya shati muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Hakuna mutu, Mwalimu."

Akapewa nafasi ya mjane, na maneno yake yakaingia kwenye mchezo kama yalivyo. Wakakubaliana kwamba sehemu ya kwanza itakuwa Kifaransa, kwa ajili ya mkurugenzi na maksi, na sehemu ya matanga itakuwa Kiswahili, ili wazazi nao wasije wakasinzia. Marehemu wa mchezo wakampa jina la Akilimali. Mwanzo mke anakataa. Mwisho anatoka na nguo yake nyeupe ya eda, anakaa kwenye mkeka, anatamka ile Innaa lillahi, na pazia linafungwa.

Katika mazoezi, siku ya kwanza alipofika kwenye Innaa lillahi, Houda alilia. Hakulia machozi ya jukwaani. Alilia mpaka kwikwi, Orlane akamkumbatia na kumwambia, "We ni msanii, dada, mi bado naigiza." Hakujua. Hakuna aliyejua. Bujumbura yote, kuanzia ziwani mpaka milimani, Houda alikuwa na pahali pamoja tu pa kumzika baba yake, napo ni mkeka ule wa shule. Alitamani saa za mazoezi zisiishe. Angepokonywa maksi zote asingelia, lakini mkeka ule asingempa mtu.

Ila kulikuwa na mama. Mama akijua, ndiyo imekwisha. Atasema binti yangu mwenyewe amevaa eda ya baba yake hadharani, amemchuria mbele ya watu, na Asiya hakuwa mtu wa kurudisha neno lake.

Na balaa lenyewe, Asiya alikuwa fundi cherehani, na mchezo ulihitaji nguo. Mwalimu akasema, "Si mama yako anashona?" Houda atakataaje? Jioni hiyo akamkalia mama yake karibu na cherehani, akatoa uongo wake aliokuwa ameutengeneza njiani.

"Mama, tuna teatre shuleni. Wanahitaji nguo ya mujane, nyeupe, ya eda."

Mguu wa Asiya ukasimama kwenye pedeli. "Mujane ni nani?"

"Orlane."

"Yule mukristo?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Na we?"

"Mi nauza nyanya. Napita mara moja."

Asiya akamtazama. Houda akaangalia kibiriti kilichokuwa mezani, akakisoma maandishi yote.

"Kipimo chake kiko wapi?"

"Orlane ni kimo chako, mama, na mwili wako. Pima kwako tu."

Asiya akacheka kidogo, cheko la puani. "Kwa hiyo mi nijipime nguo ya eda." Houda akakirudia kile kibiriti. Lakini mama yake akachukua utepe, akaupitisha kifuani pake, begani, mkononi, akashusha mpaka kwenye kifundo cha mguu. Akafungua sanduku lake la chini ya kitanda na kutoa kitambaa cheupe ambacho Houda hakuwahi kukiona, kilichokunjwa vizuri na mistari ya mikunjo tayari imekuwa ya njano. Alikinunua lini? Kwa ajili ya nani? Houda hakuuliza, maana aliyekuja kusema uongo hana mdomo wa kuhoji. Asiya alikifua, akakikata, akakishona kwa muda mrefu kuliko gauni la bibi harusi. Pindo alilipiga mara mbili, kwa mkono.

"Mama, ni nguo ya mchezo, si lazima pindo la namna hiyo."

"Nguo ni nguo," akajibiwa.

Houda akaongeza kwamba haina haja mama kuja, ni Kifaransa kitupu, utasinzia, halafu joto. Asiya akasema hana nafasi, ana nguo za arusi ya watu. Houda akamshukuru Mungu kimoyomoyo na kuona haya wakati huo huo.

Mchezo ukaangukia Alhamisi, saa nane mchana, ili watu wawe wamefika makwao kabla ya giza. Ukumbi wa shule ulijaa. Mkurugenzi mbele na tai yake, wazazi wa Gihosha na Mutanga nyuma yake, wengine wameegemea ukutani. Na Buyenzi nayo ilikuja, si kidogo. Mwantum ana mtoto wake Djibril katika shule ile ile, na Mwantum akialikwa mahali haji peke yake, anakuja na avenyu.

Houda alitoka nyumbani na ungo wa maharage ya kweli, na nguo nyeupe ndani ya mfuko, na pini za kuipunguza. Sehemu ya Kifaransa ilikwenda vizuri, mkurugenzi aliitikia kwa kichwa panapotakiwa. Kisha Houda akakaa kwenye mkeka na kuanza kuchagua. Gaël akaingia, kofia mkononi. "Mama, gari tumeikuta imeungua. Mwenyewe hayumo." Houda akachagua. Ukumbi ukamsubiri. Ndipo alipofanya kosa ambalo Mwalimu aliwakataza kila siku, akatazama watu.

Mama yake alikuwa mstari wa tatu, kando ya Mwantum. Amejifunga kitenge chake cha kutokea, na macho yake hayakuwa usoni kwa Houda, yalikuwa kwenye ungo. Na mikono yake, iliyokuwa mapajani, ilikuwa inatembea. Kidole gumba na cha shahada, huku na huku, anachagua maharage ambayo hayapo. Mwenyewe hakuwa na habari.

"Gari imeungua," Houda akasema, na sauti ilitoka kwa sababu ilikuwa imezoea kutoka. "Gari si mutu."

Pazia likafungwa. Nyuma yake Houda alimtupia Orlane nguo nyeupe.

"Vaa we. Inakuenea, imeshonwa kwa kipimo chako. Toka, kaa, sema maneno, basi."

"Kuna nini?"

"Mama amekuja. Mi nilimwambia mujane ni we. Orlane, baba yangu ndiyo huyo. Ndiyo yeye wa gari."

Orlane alibaki ameishika nguo. Mwalimu Ildephonse alikuwa amesimama pale pale akasikia yote.

"Houda, mwanangu," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "hakuna atakayekulazimisha. Maksi zako nimeshakuwekea. Tunaweza kumaliza hapa, niwaambie watu umeugua."

"Mi nitavaa ukitaka," Orlane akasema taratibu. "Nitalia, unanijua navyolia. Lakini yule mama ameona mikono yako. Nikitoka mi, ataona tu kwamba mutoto wake amekimbia."

Houda akakaa juu ya sanduku la vifaa. Aliogopa kwa kweli. Akitoka, amempoteza mama. Asipotoka, baba yake atabaki kwenye ule msumari wa mlangoni, anafuliwa na kunyooshwa, hafi na haji, na wao wawili chini yake wanaongea habari za chumvi na mkaa mpaka wazeeke. Alimhurumia mama yake. Akajihurumia na yeye, kwa mara ya kwanza. Akaichukua nguo kwa Orlane na kuivaa, na pini akazisahau.

Alipotoka, nguo ilikuwa imemmeza. Mikono ilifunika vidole, pindo lile la kushonwa kwa mkono lilikuwa linaburutwa sakafuni. Akakaa kwenye mkeka, hakumwangalia mtu, akasema, "Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun."

Sasa, mchezo ulikuwa umekwisha pale. Pazia lilitakiwa kufungwa, watu wapige makofi. Lakini kuna maneno mama wa Buyenzi hawezi kuyasikia akanyamaza, yawe yamesemwa msikitini, sokoni au juu ya jukwaa la watoto wa shule. Nusu ya ukumbi ikayarudia kwa sauti ya chini. Mikono ikainuka, Fatiha ikaanza kusomwa, hakuna aliyeianzisha na wote wamo ndani. Wakristo wakavua kofia na kuinamisha vichwa. Mkurugenzi akageuka huku na huku, akaona watu wamesimama, naye akasimama.

"Aamin," wakapangusa nyuso. Ndipo Mwantum akatoka kwenye mstari wake.

Mwalimu Ildephonse alikuwa ameshika kamba ya pazia. Akaiachia.

Mwantum alipanda ngazi za jukwaa akivuta pumzi, akapiga magoti mbele ya Houda, akamshika mkono ndani ya ile mikono mirefu ya nguo. Sauti yake ya kufika sokoni haikufika hata mstari wa kwanza.

"Pole mwanangu. Pole kwa baba. Ilyasi alikuwa mutu mwema sana."

Alikuwa. Miaka sita Houda hakuwa amesikia mtu akimtaja baba yake kwa neno hilo. Akainamisha kichwa begani kwa Mwantum akalia, na hakujali nani anaona. Nyuma ya Mwantum akaja mwingine wa avenyu, akatoa mkono, na mwingine. Kisha wakaanza kuja wasiomjua. Mama mmoja wa Gihosha, mwenye msalaba shingoni, alimshika mkono akamwambia pole kwa Kirundi, na yeye mwenyewe alikuwa anamlilia mtu wake. Gaël, mleta habari, akajipanga kwenye foleni na kofia yake. Kwetu mkono wa mfiwa hauachwi unaning'inia, na mara hii hakuna aliyekumbuka kwamba ni mchezo.

Foleni ikakatika katikati. Watu wa Buyenzi walijua kwa nini kabla Houda hajainua uso, maana wote walijibana pembeni kumpisha mtu. Asiya alipanda ngazi moja moja. Alisimama mbele ya mkeka, akamwangalia binti yake aliyejaa machozi ndani ya nguo isiyo yake.

"Inuka," akasema.

Mwantum akataka kumtetea. "Mama Houda, mutoto hakufanya ubaya…"

"Nimesema inuka. Mutoto hakai eda ya baba yake."

Houda akainuka. Akajua ndiyo basi, mama amemwacha mbele ya ulimwengu. Akasogea pembeni, akangoja kusikia hatua za mama yake zikishuka ngazi.

Asiya hakuondoka. Akavua viatu, akakunja miguu na kukaa pale pale Houda alipotoka, katikati ya mkeka, mahali pa mjane. Akajitengeneza mtandio. Halafu akamnyooshea Mwantum mkono.

"Haya," akasema, "nipe pole yangu, Mama Djibril. Ulikuja nayo siku ile, nikakurudisha nayo."

Mwantum akampa. Wote wakampa, mmoja mmoja, mpaka jua likaanza kuegemea Kongo na Mwalimu akalazimika kuwakumbusha watu barabara.

Njiani walitembea katikati ya wanawake wa avenyu, ungo wa maharage kichwani kwa Houda, nguo nyeupe mkononi kwa Asiya. Nyumbani Asiya akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa ameivaa. Mabega yalikaa, mikono ilifika kwenye vifundo, pindo liligusa mguu palipotakiwa. Akajishika kiunoni kama fundi anavyomshika mteja, akavuta kidogo, akaridhika.

"Imenienea," akasema.

"Mama," Houda akasema, "umenikasirikia?"

"Ndiyo, nimekukasirikia. Ulinidanganya, na uongo wenyewe hukuuweza." Akakaa kwenye mkeka wa barazani na kumvuta binti yake mkono mpaka akakaa karibu. "Vile ulivyofanya na maharage. Ndivyo nilivyokuwa?"

"Ndivyo."

Asiya akatikisa kichwa muda mrefu. "Baba yako angekuona," akasema, "angecheka mpaka ashike ukuta." Na hapo ndipo alipolia, Houda amemshika, wote wawili sasa, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Nje watu walikuwa wameanza kufika. Mwantum alionekana getini na shuka begani, nyuma yake wengine na mikeka. Houda akapangusa uso, akainuka, na kwa mazoea ya Alhamisi mikono yake ikachukua pasi, ikatia makaa, ikapuliza mpaka yakawa mekundu. Akafika mlangoni mwa chumba, akanyoosha mkono kwenye kanzu iliyokuwa msumarini.

"Iache," Asiya akasema kutoka barazani. "Makaa hayo yamimine jikoni. Wageni watakula nini?"

Houda akafungua kifuniko cha pasi, akayamimina jikoni makaa yote, akateleka maharage.